Tujitengenezee mfumo au tununue uliopo?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni meneja wa kampuni inayokodisha vifaa vya shughuli: mahema, viti, meza, vitambaa, taa na spika. Tuko wafanyakazi 19. Oda zinaingia kwa simu na WhatsApp, tunaziandika kwenye faili moja la Excel ambalo kila mtu analifungua. Mwaka huu tumeshaahidi viti vilevile kwa wateja wawili tofauti kwa siku moja, na si mara moja. Kijana mmoja anayetengeneza programu amesema atatujengea mfumo wetu wenyewe kwa miezi mitatu, kila kitu humo humo: oda, stoo, ankara, mishahara na uhasibu. Tukishamlipa hatudaiwi tena. Mwenzangu anataka tulipie mfumo uliopo wa kukodisha vifaa, ila unalipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji, na tulipoonyeshwa tukaona hauelewi kwamba vitambaa vikirudi lazima vikae siku moja vifuliwe kabla ya kutoka tena. Mkurugenzi anasema kulipia kila mwezi ni sawa na kupanga nyumba maisha yako yote wakati ungeweza kujenga. Tufanye nini?"*

Nianze na jibu lenyewe, maana najua mkurugenzi analisubiri: msisaini mkataba wa kujengewa mfumo wa kila kitu. Huo wa kulipia kila mwezi nao msiulipie bado. Kuna jaribio la kufanya kwanza, nitalieleza, na halihitaji fedha nyingi.

Nikilisoma swali lako naona hofu mbili. Mkurugenzi anaogopa kulipa milele kwa kitu kisicho chenu. Wewe unaogopa kununua kitu kitakachowalazimisha kufanya kazi kwa namna isiyowafaa. Zote ni hofu za haki. Ila chini yake kuna tatizo lililowaleta hapa, nalo ni kuahidi kifaa kimoja kwa watu wawili. Naomba tulishikilie hilo, kwa sababu katika mazungumzo ya kujenga au kununua mara nyingi tatizo la mwanzo husahaulika, watu wakajikuta wanabishana kuhusu mishahara na uhasibu ambavyo havikuwa vinamsumbua yeyote.

Sasa huu mfano wa nyumba. Unavutia, na ndio unaowapoteza wengi. Nyumba ikishajengwa, ardhi iliyo chini yake haibadilishwi kila mwaka na mtu usiyemjua. Programu imesimama juu ya vitu vya watu wengine: mfumo endeshi wa seva (kompyuta inayoiendesha), kivinjari, hifadhidata inayotunza taarifa, na vipande vingi vya msimbo, yaani maelekezo yaliyoandikiwa kompyuta, ambavyo msanidi amevichukua bure mtandaoni. Vyote vina siku yao ya kuachwa. Toleo la 2 la Python, lugha ya kuandikia programu, liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na tarehe 14 ya mwezi huohuo Windows 7 nayo ikakatiwa masasisho yake ya kawaida. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kubwa ya usalama katika Log4j, kipande cha msimbo ambacho kazi yake ni kuandika tu kumbukumbu za matukio ndani ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, na mafundi duniani kote wakakesha wakitafuta kama kimo katika mifumo yao. Aliyenunua mfumo alimsubiri muuzaji wake arekebishe. Aliyejengewa alimpigia simu aliyemjengea, kama bado anapatikana.

Na hayo ndiyo madogo. Mabadiliko makubwa zaidi yatatoka kwenu wenyewe. Bennet Lientz na Burton Swanson walichapisha mwaka 1980 utafiti kuhusu idara za kompyuta za mashirika 487, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kutunza programu ilikuwa kuiongezea na kuiboresha kwa sababu watumiaji wameomba. Kurekebisha makosa kulichukua takribani moja ya tano tu. Mambo hayajabadilika sana. Mfumo ukishaanza kutumika, dereva ataomba aone oda zake kwenye simu, mhasibu ataomba ripoti ya madeni kwa mwezi, na wewe mwenyewe utataka bei ya msimu. Mfumo mzuri huzaa maombi, na kila ombi lina saa za mtu ndani yake. Kwa hiyo "tukishamlipa hatudaiwi tena" ni kweli kwa mfumo ambao hakuna anayeutumia.

Simsemi vibaya kijana wenu. Huenda ni hodari, na miezi mitatu anaiamini kwa moyo safi. Tatizo ni kwamba miezi mitatu inatosha kujenga kinachoonekana. Chukua oda moja tu: viti 300, kutoka Ijumaa hadi Jumapili. Fomu ya kuiandika ni kazi ya siku chache. Sasa Jumatano mteja anapiga simu, anaongeza viti 40. Jumapili jioni anaomba abaki navyo hadi Jumatatu, na 200 kati ya hivyo mmeshamwahidi mtu mwingine Jumatatu asubuhi. Vinaporudi, 12 vimevunjika miguu; vinne vinatengenezeka, vinane basi tena. Amana yake inakatwa kiasi gani? Na viti vinne vilivyoko kwa fundi vinahesabika vipo au havipo? Mfumo wa kukodisha hauulizi "tuna viti vingapi." Unauliza tuna viti vingapi kwa kila siku ya kipindi hiki, ukitoa vilivyoko kwa wateja, vilivyoko kwa fundi, na ambavyo vilipaswa kurudi jana havijarudi. Hapo ndipo miezi inapoenda.

Kuna na jambo la ndani zaidi, ambalo ndilo hasa chanzo cha ahadi zenu mbili. Mfanyakazi wa kwanza anafungua faili, anaona viti 350 vipo Ijumaa. Wa pili naye anafungua, anaona 350 hizohizo. Wote wako kwenye simu na mteja, wote wanasema "vipo," wote wanaandika. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alisoma namba iliyokuwa sahihi wakati anaisoma. Hifadhidata ya kweli, ikitumiwa vizuri, inazuia hilo kwa kuvifunga vile viti pale mmoja anapoanza kuvichukua, wa pili akaambiwa asubiri au vimeisha. Excel haikuundwa kwa kazi hiyo. Ikitumika pasipo pake, nayo huharibu kimyakimya: Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma Uingereza iligundua kwamba karibu matokeo 16,000 ya vipimo vya korona hayakuingia kwenye hesabu kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, ambao unaishia safu mlalo 65,536. Zilizozidi ziliachwa nje.

Kwa hiyo ukikutana tena na kijana, muulize swali moja tu: watu wawili wakibonyeza "thibitisha" kwa sekunde ileile kwa viti vilevile, nini kitatokea? Akikujibu papo hapo na akakuchorea, una mtu wa maana. Akisema "hiyo haitatokea," umeshapata jibu lako.

Turudi kwenye orodha yake ya kila kitu humo humo. Uhasibu, ondoeni. Kanuni za kuandika kila muamala pande mbili zilielezwa kwa maandishi ya chapa na mwanahisabati Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494, na hakuna lolote katika biashara yenu linalohitaji zibuniwe upya. Mishahara pia ondoeni: sheria za kodi na makato hubadilika, na anayeuza programu ya mishahara anagawana gharama ya kufuatilia sheria hizo na wateja wake wote, wakati ninyi mtaibeba peke yenu. Hivi viwili nunueni vilivyopo, na msipoteze kikao kimoja kuvijadili. Kinachobaki ni oda, stoo na marejesho, na hapo ndipo swali lako lina uzito.

Umesema mfumo ule hauelewi siku ya kufua. Nina shaka kidogo. Mifumo mingi ya kukodisha vifaa ina mahali pa kuweka muda wa maandalizi kabla au baada ya oda, kwa sababu hata anayekodisha kamera anahitaji kuisafisha na kuchaji betri. Mara nyingi kipengele hicho kimezimwa tangu mwanzo, na mtu wa mauzo anayeonyesha mfumo hajui kila kona yake. Mwandikieni muuzaji mumweleze hali hiyo kwa oda halisi, si kwa maneno ya jumla. Na hata kama hakipo, kuna ujanja wa zamani: tengenezeni mteja wa ndani anayeitwa Dobi. Vitambaa vikirudi Jumapili, Dobi anavikodi hadi Jumatatu jioni kwa bei ya sifuri, na mfumo wenyewe utakataa kuvitoa. Si jambo la kupendeza, lakini linafanya kazi, nanyi mnapata kujua Dobi ana vitambaa vingapi kwa sasa. Sidhani kama leo mnaijua namba hiyo.

Kuna swali jingine gumu zaidi la kujiuliza kila mfumo unapowakatalia kitu: je, hivi tunavyofanya, mteja anaviona? Siku ya kufua anaiona, maana kitambaa kichafu kingemfika mezani. Lakini kama ankara yenu ina rangi tatu kwa sababu mhasibu wa zamani alipenda hivyo, hiyo ni mazoea tu, acheni mfumo uibadilishe. Kampuni nyingi hujenga programu nzima ili kulinda mazoea ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyalipia.

Hapa niwatahadharishe kuhusu njia ya tatu, ambayo huonekana ya busara kuliko zote: kununua mfumo kisha kuulipia ukatwekatwe hadi ufanane nanyi. Lidl, kampuni ya Ujerumani ya maduka makubwa, ilianza mwaka 2011 mradi wa kuhamia SAP, programu kubwa ya kuendeshea biashara. Mwaka 2018 ikauacha, na vyombo vya habari vikaripoti gharama ya takribani euro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa sana ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulitarajia bei ya kuuzia, na kampuni ikachagua kuubadili mfumo badala ya kubadili mazoea yake. Ninyi si Lidl. Lakini mwenendo ni uleule: kila mnachokikata ndani ya mfumo wa mtu kinaweza kuvunjika anapotoa toleo jipya, mkaishia kulipa leseni ya mnunuzi pamoja na mishahara ya mjenzi. Kubadilisha mipangilio inayoruhusiwa ndani ya mfumo ni sawa. Kugusa msimbo wake, kaeni mbali. Nisije nikaonekana nawapigia debe wauzaji tu, niongeze kwamba kujengewa nako kuna makaburi yake: FBI ya Marekani iliutupa mwaka 2005 mfumo wa mafaili ya kesi iliokuwa ikitengenezewa, baada ya kutumia karibu dola milioni 170.

Na kununua kuna hatari zake ambazo muuzaji hatawaambia. Bei inaweza kupanda. Huduma inaweza kufungwa. Facebook iliinunua Parse, huduma ambayo wasanidi wengi walihifadhia data za programu zao, mwaka 2013. Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na mwaka mmoja baadaye ikafungwa kweli. Watumiaji walipewa muda na zana za kuhama, jambo ambalo si kila muuzaji atalifanya. Kinga ni moja: data yenu itoke. Mkiwa bado kwenye majaribio, kabla hamjalipa, bonyezeni kitufe cha kutoa data yote, mfungue faili mlizopewa muone. Je, oda bado imeungana na mteja wake na vifaa vyake? Au mmepewa rundo la PDF ambalo hakuna mfumo mwingine utakaoweza kulisoma? Muuzaji anayekuambia "hilo tutalifanya mkiondoka" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu malipo kwa kila mtumiaji, hesabuni wanaoandika oda na kupokea vifaa, si wafanyakazi wote 19. Wapakiaji wanaweza kupata karatasi iliyochapwa asubuhi. Ila msigawane neno moja la siri ili kuokoa hela, kwa sababu siku oda itakapobadilishwa kimakosa hamtajua nani aliibadilisha, na mikataba mingi inakataza.

Kati ya kujenga na kununua kuna programu huria, kama ERPNext, au Odoo katika toleo lake la jamii. Leseni yake hailipiwi, msimbo uko wazi, na ERPNext ina uhasibu tayari. Lakini kuna kuisimika, kuitunza, kuiwekea nakala rudufu kila usiku, na kuhakikisha kwamba nakala hizo zinarejesheka. Angalieni pia kama moduli, yaani sehemu ya programu, ya kukodisha iko kwenye toleo la bure au la kulipia, maana baadhi ya moduli za Odoo ziko upande wa kulipia tu. Hapa kijana wenu angeweza kuwa na thamani kubwa: kusimika, kuhamisha data za Excel, kuunganisha na programu ya mishahara, kufundisha watu. Ni kazi inayomalizika, na akiondoka kesho, mwingine anayeijua programu hiyo anaweza kuipokea.

Ni lini ningesema jengeni? Kama mmejaribu kwa haki mfumo uliopo ukashindwa jambo ambalo wateja wanawafuata kwa ajili yake. Na kama mna mtu wa kuutunza mwaka wa tatu na wa nne. Hata hapo ningejenga kidogo: ukurasa mmoja ambao mteja anachagua ukubwa wa hema akaambiwa anahitaji meza na viti vingapi, kwa mfano, ukisoma idadi iliyopo kutoka kwenye mfumo mlionunua. Kinachotunza hesabu ya stoo kiwe kitu ambacho maelfu ya watu wengine wameshakutana na makosa yake kabla yenu.

Mkurugenzi akitaka namba, msimlinganishie bei ya kijana na malipo ya mwezi mmoja. Andikeni miaka mitano kwa pande zote mbili. Upande wa kununua: malipo ya kila mwezi, kuhamisha data, mafunzo. Upande wa kujenga: bei ya kijana, seva, nakala rudufu, siku zake za matengenezo kila mwaka, na saa zako wewe za kumweleza biashara, ambazo hakuna anayezihesabu na ni nyingi. Wekeni pia gharama ya miezi ambayo mfumo bado haujakamilika na ahadi mbilimbili zinaendelea.

Akisisitiza kujenga, kwa sababu mwisho wa yote ni uamuzi wake, basi neno "chetu" liandikwe. Katika nchi nyingi, hakimiliki ya msimbo ulioandikwa na mtu asiye mwajiriwa wako inabaki kwake hadi aihamishe kwa maandishi, hata kama umemlipa yote. Msimbo chanzo ukae kwenye akaunti ya kampuni tangu siku ya kwanza. Jina la tovuti na seva pia ziwe kwa jina la kampuni. Lipeni kwa vipande vinavyofanya kazi mbele ya macho yenu, na kipande cha mwisho kilipwe baada ya mtu wa pili, asiye yeye, kuweza kuusimika mfumo kwenye kompyuta nyingine kwa kufuata maelekezo aliyoyaandika. Kwa mkataba huo tafuteni mwanasheria, msitumie karatasi iliyopakuliwa mtandaoni.

Sasa lile jaribio. Wiki hii, kabla ya mfumo wowote, mtu mmoja tu aruhusiwe kuandika kwenye faili la oda. Wengine wasome, na wakitaka kuahidi wamuulize yeye. Itawachelewesha kidogo, lakini ahadi mbilimbili zitapungua mara moja. Kisha ombeni kipindi cha majaribio cha mfumo uliopo, na msiujaze oda za kubuni. Chukueni wiki iliyowaelemea kuliko zote mwaka uliopita, na walioishi wiki hiyo waingize kila oda kama ilivyokuja: waliobadilisha mawazo, waliochelewesha, waliovunja. Kila mahali mfumo unapokwama, andikeni sentensi moja. Mwisho mtakuwa na orodha, na pembeni ya kila sentensi mtaandika kama kuna njia ya kuzunguka au hakuna.

Orodha hiyo ikiwa na mambo mawili matatu ya kuzungukika, nunueni. Ikiwa na jambo linalosimamisha kazi kabisa, au kama mnahifadhi nakala za vitambulisho vya wateja, au muuzaji anataka mkataba wa miaka kadhaa, basi barua yangu haitoshi: tafuteni mtu atakayekuja kusimama stooni siku yenye pilikapilika. Muulizeni kwanza analipwa na nani. Washauri wengi hupewa kamisheni na wauzaji. Si dhambi, lakini lazima mjue kabla ya kumsikiliza.

Na wakati mnasubiri, fungueni lile faili la Excel mpange majina ya vifaa. Naamini humo "kiti cheupe," "viti vyeupe plastiki" na "kiti nyeupe" vimeandikwa kama vitu vitatu. Mfumo wowote mtakaouchagua utavihesabu hivyohivyo mlivyoviandika.